Nirudishieni Njaa Yangu

Kila Jumapili saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza, mimi huwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, shati nimelipandisha mpaka kidevuni, mkononi nimeshika kalamu isiyoandika. Unaizungusha kitako mpaka namba itokee kwenye kidirisha, unaichomeka tumboni, unabonyeza, namba inarudi sifuri, halafu unahesabu taratibu mpaka sita ndipo uitoe. Sindano yenyewe ni nyembamba kama sharubu la paka, na anayesema inauma anatafuta kuhurumiwa. Kinachouma ni Mama Neema anayenihesabia kutoka mlangoni: moja, mbili, tatu, nne, hivi Baba Neema, hela ya Luku umeacha wapi? Mpaka leo sina hakika kama nimewahi kufika sita.

Nilifikaje hapa? Kwa miguu yangu mwenyewe, kliniki ya kisukari, benchi la mbao, foleni ya saa nne. Vidonge vya metformin nimemeza miaka kumi na miwili, asubuhi na jioni, tena vile vikubwa vinavyokwama kooni kama mfupa wa perege. Siku hiyo kipimo cha sukari ya miezi mitatu kikasoma 9.4, mizani ikasoma 108, na daktari, binti ambaye angeweza kuwa mwanafunzi mwenzake Neema, akaniangalia kwa huruma akasema, "Mzee, hapa itabidi tuongeze sindano."

Mtaani kwetu neno hilo halina tofauti na hukumu. Ukiwa kwenye vidonge wewe ni mgonjwa mwenzetu. Ukisikika umeanza sindano, watu wanaanza kukuuliza kiwanja cha Kibaha umeandika jina la nani. Nikamwambia daktari mimi insulini siitaki. Akacheka. Akasema hii siyo insulini, mzee, hii ni semaglutide, ile wanayoiita Ozempic. Insulini ni homoni yenyewe, ile waliyoipata kina Banting kule Toronto mwaka 1921, na mpaka leo kuna watu hawawezi kuishi bila kuichoma. Hii nyingine inamwiga mjumbe tu.

Hapo kwa mjumbe ndipo nilipoelewa, kwa sababu mjumbe wa nyumba kumi namfahamu. Ukila, utumbo unatoa homoni iitwayo GLP-1, na hiyo homoni kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba. Inagonga kwa kongosho: sukari imepanda, toa insulini. Inapita kwenye ini, kwa njia zake za uani: punguza kumwaga sukari mtaani. Inaliambia tumbo lisisukume chakula haraka. Inamalizia kwa ubongo: huyu ameshiba, mwambieni aweke kijiko chini. Tatizo la mjumbe tuliyezaliwa naye ni kwamba hadumu. Dakika mbili hivi na vimeng'enya vya mwili vimeshamtafuna. Huyu wa kwenye kalamu wamemtengeneza asitafunike upesi, kwa hiyo akiingia anakaa wiki nzima. Ni mgeni ambaye siku ya tatu ukimpa jembe analima, anakurudishia jembe, na bado anaendelea kukaa.

Nyumbani nilijitia kusoma zaidi, nikajiletea matatizo. Nikasoma kwamba dawa ya kwanza ya ukoo huu, exenatide, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na mate ya mjusi. Namaanisha mjusi kweli. Anaitwa Gila, ana sumu, anaishi kwenye majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico, na hula mara chache mno kwa mwaka. Daktari mmoja wa New York, John Eng, alichunguza sumu hiyo mapema miaka ya 1990 akakuta kitu kinachofanana na yule mjumbe wetu, ila chenyewe hakiharibiki haraka. Kosa langu ni kwamba haya nilimsomea Mama Neema kwa sauti. Kuanzia siku hiyo kila nikikataa chakula anasema, "Muacheni, leo mjusi hajisikii."

Nimemweleza mara ngapi kwamba yangu siyo ya mjusi? Semaglutide imeigwa kutoka kwenye homoni ya binadamu, na wanaofanya kazi ya kuizalisha kiwandani ni vijidudu vya hamira. Ndiyo, jamii ileile ya hamira inayoumua maandazi. Nilipofika hapo nikanyamaza mwenyewe. Maandazi nimekatazwa tangu mwaka ule Neema alipoanza darasa la kwanza, halafu naletewa hamira ileile, imepanda ndege kutoka Ulaya, nachomwa tumboni kwa bei ambayo ningenunua mgahawa mzima wa maandazi na muuzaji wake.

Bei yenyewe siitaji, kwa sababu mama yangu mzazi husoma safu hii. Nitasema tu kwamba Novo Nordisk, kampuni ya Denmark inayoitengeneza, mwaka 2023 thamani yake sokoni ilipita pato la taifa zima la Denmark. Wadenmark wanishukuru. Barabara zao zikiwa nzuri, kuna kipande changu pale.

Basi nikaanza. Wiki nne za kwanza ni robo miligramu, dozi ya kuuzoesha mwili tu. Daktari alinitahadharisha nisitarajie makubwa. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya pili, Jumanne, nilikuwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara, watu tumebanwa kama dagaa wa kopo, nikabeua. Sisemi kubeua kwa mtu aliyeshiba pilau. Nasema harufu ya yai viza lililosahauliwa kwenye kiota tangu masika. Abiria wakaanza kuangaliana. Mama mmoja akafungua dirisha, mwingine akamnusa mwanawe. Mimi nikaangalia dari la basi kwa ghadhabu, kama raia mwema anayeshangaa watu siku hizi wamekuwaje. Hiyo ndiyo gharama ya tumbo linaloambiwa lisisukume chakula haraka: wali wa mchana bado umo ndani jioni, umekaa, unasubiri zamu. Kichefuchefu kinakuja, choo kinagoma siku tatu, kiungulia kinajiunga. Daktari alisema kwa wengi hupungua mwili ukizoea, kwamba nile kidogo kidogo na mafuta niyaache, ila nikipata maumivu makali ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni nisiandike safu, nikimbie hospitali, kwa sababu kongosho linaweza kuvimba.

Ilipofika nusu miligramu ndipo njaa ikahama.

Kama hujawahi kuishi bila njaa hutanielewa. Mimi njaa nimekuwa nayo miaka hamsini na minne. Ndiyo iliyoniamsha asubuhi, ndiyo iliyonitoa ofisini saa saba kamili bila saa, ndiyo iliyonipa sababu ya kupita kwa muuza mishikaki pale kona hata nikiwa nimetoka kula. Kumbe kutwa nzima kuna redio ilikuwa inaongea kichwani: bado kuna chapati, kuna nyama iliyobaki jana, yule mama wa vitumbua ameshafungua? Siku moja redio ikazimwa. Nikapita kwa muuza mishikaki, moshi ukanipiga usoni, nami nikamwangalia kama ninavyoangalia duka la vipodozi. Akaniita, "Mzee, leo vipi?" Sikuwa na jibu. Nilihuzunika, nisiwafiche.

Na watu hawajui la kufanya na mtu asiye na njaa. Mwili umekubaliana na dawa, jamii haijakubaliana. Msibani hukatai wali. Kwenye kikao cha harusi hukatai soda na kuku. Jirani akikwambia "karibu", unanawa, unamega hata tonge moja. Mjumbe anagonga kwa kongosho, anapita kwenye ini, anamaliza kwa ubongo, lakini hakuna aliyempa kazi ya kupita kwa shangazi yangu wa Tandika kumweleza kwa nini sahani imerudi na nusu ya biriani. Shangazi alijifungia jikoni. Baadaye nikasikia kwamba siku hizi natembea na waganga, nimekatazwa kula kwa ndugu.

Halafu kitambi. Kile nilikijenga kwa miaka ishirini, kiliniletea uenyekiti wa kamati tatu za harusi bila kupigiwa kura. Mtu mwenye kitambi akiahidi mchango, unaandikwa kwa kalamu ya wino. Kilo zilipoanza kwenda, 108 ikawa 104, ikawa 99, fundi cherehani akanipunguzia suruali mara mbili, mkanda nikautoboa kwa msumari wa moto. Kikao kilichofuata nikaahidi laki mbili, mweka hazina akaacha kuandika, akauliza kwa upole, "Mzee, una uhakika?"

Kwetu hakuna kupungua kwa heri. Kuna "umepungua, unaumwa?" na kuna "umepungua, mke hakulishi?" Wengine hutaja kifua kikuu. Wengine hawataji chochote, wanashusha sauti tu na kunishika bega muda mrefu kuliko kawaida. Kanisani mzee mwenzangu alinipa anwani ya mchungaji mmoja wa Morogoro anayeombea "mambo kama hayo". Nikamwambia ni kisukari. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesema sawa, kaka, sote huanza kwa kusema hivyo.

Sasa ajabu ni kwamba nikiwaambia wanaume ni sindano ya kisukari hawaamini, na Mama Neema akiwaambia mashoga zake, wanaamini upesi mno. Ndani ya wiki moja nilikuwa napokea wageni. Hawakuja kuniona mimi, walikuja kuliona tumbo. Mmoja ana binti anayeolewa Desemba, gauni limeshalipiwa, gauni ni dogo kuliko binti. Ameona mtu kwenye WhatsApp anauza kalamu hizohizo, bila cheti cha daktari, bei nusu, unaletewa mpaka mlangoni kwa bodaboda. Nikajikuta nimegeuka daktari bingwa kwenye kochi langu mwenyewe.

Nilimwambia ukweli kama nilivyoambiwa. Kwamba ipo semaglutide ya uzito, Wegovy, Marekani waliiruhusu mwaka 2021, na kwenye majaribio watu wasio na kisukari walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Wiki sitini na nane, mama, na Desemba ni keshokutwa. (Sisi wenye kisukari hupungua kidogo kuliko hao. Hata hapa tumebaguliwa.) Kwamba mwenye historia ya aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo kwenye ukoo haruhusiwi kuigusa. Kwamba Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutide bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama Uingereza wameuziwa feki, wewe wa bodaboda unaletewa nini? Na kwamba mwanamke anayetaka kushika mimba anatakiwa awe ameacha dawa hii miezi miwili kabla. Mama akapiga hesabu kwa vidole, Desemba, Januari, Februari, uso ukambadilika. "Ina maana wajukuu wasubiri mpaka masika?" Tangu siku hiyo binti anafanya mazoezi ya kuruka kamba, na mimi nasemwa kuwa namwonea wivu.

Ila msinione nina roho mbaya. Mnajua kwamba semaglutide iliadimika Marekani kuanzia 2022, na tangazo la kwamba uhaba umeisha likatoka Februari 2025? Watu walikuwa wengi kuliko kalamu, na mwenye kisukari alisimama foleni moja na mwenye gauni. Mimi foleni naijua. Nimekaa kwenye lile benchi.

Pasaka tukaenda Moshi kwa wakwe. Nilijichoma Jumapili iliyotangulia, tuliondoka Alhamisi, kalamu nikaiacha kwenye friji chini ya uangalizi wa Neema, maana kwa joto la Dar, linalopita nyuzi 30 bila kuomba ruhusa, dawa hii huwezi kuitembeza kwenye basi kutwa nzima kama soda.

Mama mkwe alikuwa amechinja. Tukakaribishwa kwa mtori wa ndizi mshare, mzito, wa moto, nyama imepondeka humo ndani mpaka imekuwa siri. Huo ni mwanzo tu, machalari yalikuwa yanakuja nyuma. Nikanywa bakuli moja nikafika shingoni. Yeye amesimama juu yangu na upawa.

"Baba Neema, ongeza."

"Mama, nimeshiba, asante sana."

"Umeshiba nini? Safari yote hiyo?"

Shemeji yangu, ambaye ana simu kubwa na muda mwingi, akaingilia kunitetea. Akaeleza habari za homoni, akakosea, akarekebishwa na Mama Neema, akaendelea. Akasema sasa kuna nyingine kali zaidi, tirzepatide, inaiga wajumbe wawili kwa mpigo, na kwa dozi ya juu watu wamepungua hata moja ya tano ya uzito. Jina lake la dukani ni Mounjaro. Meza ikanyamaza. Kila mtu akageukia dirishani, ambako mlima ulikuwa umekaa mweupe juu ya migomba.

"Mounjaro," akarudia shemeji. "Wamemkata kichwa Kili, wamebaki na kiwiliwili. Na hatujalipwa hata senti."

Mama mkwe akauangalia mlima, akaniangalia mimi. "Sisi tumeukalia huu mlima maisha yetu yote na hatujakonda," akasema, na upawa ukatua kwenye bakuli langu.

Nilikula. Jamani, nilikula. Usiku ule nilikaa kitako kitandani mpaka jogoo la pili, mtori umesimama palepale ulipowekwa, nikiwasikia mbuzi wa mama mkwe wakicheua bandani kwa raha zao. Asubuhi akanifungashia hotpoti ya machalari na mkungu wa ndizi, nisije nikafa njaa njiani.

Tulirudi Dar Jumapili jioni. Saa mbili, habari zinaanza, nikapandisha shati, nikafungua friji. Kalamu haipo. Neema akaja mbio, anajiamini, msichana wa kidato cha tatu anayechukua Biolojia. Umeme ulikatika Ijumaa saa kumi na mbili nzima, baba, dawa ikapata joto, kwa hiyo umeme uliporudi nikaiweka juu kwenye friza ili ipoe haraka.

Mjue kwamba friza ya nyumbani kwangu ni ya biashara. Mama Neema anauza barafu, za ubuyu na za ukwaju, kwenye vifuko virefu. Kalamu yangu ilikuwa imelala kati ya ukwaju na ukwaju, imeshika ukungu mweupe, ngumu kama rungu. Nikampigia daktari. Aliuliza swali moja tu: imeganda? Imeganda. "Basi, mzee, imekufa. Hata ikiyeyuka usiitumie, tupa." Ilikuwa imetumika mara moja tu.

Kununua nyingine mpaka mshahara. Nimeongezewa vidonge kidogo kwa kipindi hiki, na nimeamriwa nipime sukari kila asubuhi. Kwa hiyo kwa wiki mbili mjumbe amekuwa akiondoka taratibu, na wiki iliyopita, Alhamisi, saa saba mchana, nikiwa katikati ya sentensi, nikasikia tumbo linaunguruma. Lilikuwa langu. Nikasimama. Nikatoka ofisini bila kuangalia saa. Yule wa mishikaki aliponiona kwa mbali akaanza kupepea mkaa.

Sitasema nilikula mingapi. Najua kilichoandikwa: waliokuwa kwenye majaribio walipoacha dawa, ndani ya mwaka mmoja walirudisha karibu theluthi mbili ya kilo walizokuwa wamepoteza. Sukari ya asubuhi iliyofuata ilikuwa 12.1, na Mama Neema aliiona kabla sijaifuta kwenye kipimo. Mkanda umerudi tundu moja. Mweka hazina amenisalimia kwa heshima. Mimi mwenyewe sijui kama nimefurahi au nimeogopa, na mwisho wa mwezi bado siku tisa.

Kalamu sijaitupa. Naijua gharama yake, mkono unakataa. Bado imo frizani, imelala kama maiti anayesubiri ndugu watoke mikoani. Jana jioni Mama Neema alikuwa sokoni, akaja mtoto wa jirani na sarafu ya mia mbili, shikamoo babu, naomba barafu. Nikafungua mlango wa friza, nikainama kumchagulia. Akachungulia chini ya mkono wangu, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akanyoosha kidole.

"Babu, na ile yenye kofia ni ya ubuyu au ya ukwaju?"